Kengele ya Mbwa na Mkanda wa Kifua: Kulea na Kutembeza Mtoto wa Mbwa, Zamani na Leo

Mtu akisema kwamba ataandika historia ya mkanda wa mbwa, wengi watacheka. Watauliza kama mambo yote makubwa ya nchi yetu yamekwisha andikwa, hata tufike kwenye kamba ya mbwa. Sisi tunajibu kwamba vitu vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza, kwa sababu hakuna anayevitunza. Vinyago na ngoma vimepata nyumba zao za makumbusho. Lakini ufundi wa kulea mtoto wa mbwa mpaka awe mbwa wa kazi hauna nyumba. Unakaa kichwani mwa mzee mwindaji, na siku mzee anapozikwa, unazikwa pamoja naye.

Tena jambo hili si la zamani tu. Siku hizi, mu kartiye za miji yetu, karibu kila mwenye parsele anataka mbwa wa kulinda nyumba. Mtoto wa mbwa analetwa, anafungwa waya au kamba ya nailoni shingoni, na hapo elimu yake inakwisha. Wakati huo huo tunaona mbwa wengine, wale wa walinzi wa parke au wa makampuni ya ulinzi, wamevaa mkanda unaozunguka kifua na kupita nyuma ya miguu ya mbele. Wanaosema Kifaransa wanauita "harnais"; sisi tutauita mkanda wa kifua. Watu wanasema: "Ile ni mambo ya wazungu." Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba chombo ni kigeni kweli, lakini wazo lililo ndani yake si geni kwetu hata kidogo.

1. Mbwa ni wa zamani kwetu

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema mbwa. Kwa Lingala, Kikongo na Kiluba ni mbwa vilevile. Wanande wanasema embwa, na jirani zetu wa Rwanda imbwa. Wataalamu wa lugha wanaona kwamba neno hili ni moja, limetoka kwa shina moja la kale la lugha za Kibantu. Maana yake ni kwamba babu zetu walikuwa na mbwa kabla hawajatawanyika katika misitu na mbuga za nchi hizi. Hatukufundishwa na mtu wa mbali kuishi na mbwa.

Masimulizi nayo yanashuhudia. Wanyanga, wa upande wa Walikale, ambao hadithi yao ya Mwindo ilichapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, wanasimulia juu ya mbwa Rukuba. Ndiye aliyewapatia watu moto kutoka kwa Nyamurairi, na mtu akamwahidi urafiki. Lakini mtu alipoanza kumtuma huku na huku kama mjumbe, Rukuba aliona kwamba kazi hazitakwisha. Akaamua kunyamaza, asiseme tena siku zote. Tushike vizuri neno hili la mbwa aliyenyamaza, kwa maana tutalikuta tena.

Kule magharibi, Wakongo walichonga sanamu inayoitwa Kozo, mbwa mwenye vichwa viwili. Kichwa kimoja kinatazama huku kwa walio hai, kingine kule kwa wafu. Kwao mbwa anakaa kati ya kijiji na msitu, anajua njia ambazo macho ya mtu hayazioni. Basi, mnyama ambaye babu zetu walimpa kazi kubwa namna hiyo hakuwa kitu cha kufungwa na kusahauliwa nyuma ya jiko.

2. Kengele, chombo cha mbwa wa msitu

Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Wazande na Wamangbetu, upande wa Uele. Katika kitabu chake aliandika juu ya mbwa wadogo wa Wazande, wenye mkia uliojikunja, na kengele ndogo za mbao shingoni ili wasipotee katika majani marefu. Kengele hizo bado zinaonekana katika makumbusho ya Ulaya. Na wazee wa misitu yetu hawahitaji makumbusho ili wazijue.

Kengele ya mbwa ni kipande cha mbao kilichochimbwa ndani, chenye ulimi wa mti au wa mfupa, kikining'inia kwenye ukanda wa ngozi au wa kamba ya msitu. Kwa nini iwe lazima? Kwanza, mbwa wa asili wa misitu yetu habweki sawa na mbwa wengine. Ana sauti, anaweza kulia kama anayeimba, lakini wakati wa kufukuza mnyama anakuwa kimya. Ndiye ndugu wa Rukuba. Pili, msituni jicho halifiki mbali. Ukipiga hatua chache tu, mbwa wako haonekani tena. Kengele basi inakuwa sauti yake. Mwindaji anasikia mbwa yuko upande gani, anakimbia au anasimama, amepata harufu au ameipoteza. Tena mlio wenyewe unamtoa mnyama katika maficho yake na kumsukuma mbele.

Waefe wa Ituri, ambao ni wapiga mishale, wana uwindaji wa pamoja wanaouita mota. Wanaume wanazunguka sehemu ya msitu na pinde zao, mmoja anaingia na mbwa wenye kengele, na mindi wanatoka mbio kuelekea kwa wapiga mishale. Wakati wa kwenda huko, kengele inazibwa kwa majani ili isilie. Wakifika, majani yanaondolewa. Hapo mbwa anajua kwamba kazi imeanza.

Tuitazame kengele hiyo vizuri. Imefungwa shingoni, ni kweli, lakini haimvuti mbwa wala haimzuii. Hakuna mtu anayeshika upande wa pili wa kamba. Ni chombo cha kumsikia mbwa, si cha kumburuta. Mtoto wa mbwa hakufundishwa kwa kamba. Alikua karibu na moto, katikati ya watoto wa watu, akazoea sauti, moshi, ngoma na harufu ya nyama. Akipata nguvu za kutembea, alifuata mbwa wakubwa, akawaiga, na siku yake ikifika naye akavishwa kengele. Kwa Kiswahili tunasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikunjwa na maisha yenyewe.

Hata hivyo tusidanganyane. Siku za zamani hazikuwa paradiso ya mbwa. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti karibu na Epulu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1961 namna mbwa wao walivyopigwa mateke tangu kuzaliwa mpaka kufa. Chakula kilikuwa mabaki. Sisi tunaosifu mila tuseme na hilo. Tunachokitetea hapa ni maarifa, kwamba mbwa wa kazi hufundishwa kwa kutembea na kufuata, akiwa na koo huru, na kwamba kuna chombo kinachomwambia lini kazi inaanza na lini inakwisha. Hatutetei mateke.

3. Mbwa wetu alivyosafiri bila kengele yake

Mwaka 1895 mbwa wa namna hii walionyeshwa Uingereza, katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Watu walishangaa sana, lakini mbwa wenyewe walikufa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1936 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alipeleka wengine, na mwaka 1937 wakaonyeshwa Crufts. Tangu hapo uzao ukashika. Baadaye, mwaka 1987 na 1988, Wamarekani walikuja huku, wakati nchi ingali inaitwa Zaire, wakatafuta mbwa wengine vijijini ili kuongeza damu mpya. Mwaka 1990 mbwa hao wakaandikwa rasmi katika kitabu cha ukoo kule Marekani.

Na jina lake? Wanamwita "basenji". Kwetu hakuna mtu asiyejua neno hilo. Musenji ni tusi. Ni mtu wa porini asiyejua ustaarabu. Mbwa wa basenji maana yake mbwa wa washenzi. Leo watu wa Chicago na London wanalipa pesa nyingi ili wapate "basenji", na wanalitamka jina kwa fahari. Kumbe sisi wenyewe tunamwona mbwa huyo huyo barabarani, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, tunamrushia jiwe, kisha tunatafuta mbwa wa kizungu!

Jina lilisafiri, damu ikasafiri, lakini kengele na ufundi wake vilibaki. Kule Ulaya mbwa aliyezoea kukimbia mbele ya mwindaji alifungwa kola na kutembezwa barabarani.

4. Mkanda wa kifua ulitoka wapi

Mkanda wa kifua ulianza kama chombo cha kuvuta mzigo. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini kabisa mwa Siberia, wachunguzi wamepata mifupa ya mbwa na vipande vya slei, yaani magari yasiyo na gurudumu ya kuvutwa juu ya barafu, vya miaka zaidi ya 9,000. Mbwa hawezi kuvuta mzigo kwa shingo. Katika koo kuna bomba la hewa na mishipa ya damu. Ukivibana, nguvu zinaisha. Nguvu ya mbwa iko kifuani na mabegani, na mkanda unaifuata huko.

Wabelgiji nao walilijua jambo hili. Katika miji ya Flandria, mbwa wakubwa walivuta mikokoteni ya maziwa na mboga mpaka karne ya 20. Vita vilipoanza mwaka 1914, mbwa wa jeshi la Ubelgiji walivuta hata bunduki kubwa za mtutu, wakiwa na mikanda mipana vifuani. Inafaa tukumbuke jambo moja. Siku ambazo mbwa wa Ubelgiji alivaa mkanda wa kifua ili asiumie shingo, Mkongo aliweza kufungwa mnyororo shingoni kama mfungwa. Na kabla yake, misafara ya watumwa iliyopita Nyangwe na Kasongo iliwafunga watu shingo kwa shingo. Katika nchi yenye historia kama hii, neno "kufunga shingo" si neno jepesi.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1916. Katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, lilifunguliwa shule la kufundisha mbwa wa kuongoza askari waliopofuka vitani. Mbwa hao walivaa mkanda wenye mshikio mgumu mgongoni. Kipofu akishika mshikio huo, anasikia kwa mkono wake kama mbwa anageuka, anasimama au anapanda ngazi. Hapo mkanda uliacha kuwa chombo cha kuvuta tu, ukawa chombo cha kuzungumza. Kwa maneno mengine, ulifika mahali ambapo kengele yetu ya mbao ilikuwa imefika zamani, yaani kumpa mtu habari kutoka kwa mbwa asiyesema. Kengele inaleta habari sikioni, mkanda unaileta mkononi.

5. Mbwa wa Saint-Hubert katika Virunga

Mambo hayo mawili yalikutana huku kwetu. Mwaka 2011, katika Parke ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925, walinzi walianza kazi na mbwa wa harufu. Ni mbwa wa ukoo wa Saint-Hubert, jina la abasia ya zamani katika Ardennes, Ubelgiji. Ni wakubwa, wenye masikio marefu yanayoning'inia, na pua isiyosahau. Walifundishwa Rumangabo kwa msaada wa daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner.

Mwezi wa tatu mwaka 2012 walifanya kazi yao ya kwanza. Tembo alikuwa ameuawa na pembe zake kuondolewa. Mbwa walipewa harufu, wakaifuata kilometa 7 hivi, mpaka kijiji cha wavuvi. Baada ya siku mbili walinzi waliwakuta watu waliodhaniwa ndio wawindaji haramu. Risasi zikalia, watu wakakimbia na kuacha vifaa vyao.

Tuangalie sasa jinsi kazi hii ya kufuata harufu inavyofanyika. Mbwa anatembea kwanza na kola ya kawaida. Wakifika mahali pa kuanzia, mwenye mbwa anamvisha mkanda wa kifua na kuufunga kwenye kamba ndefu ya mita kadhaa. Mkanda ukivaliwa, mbwa anajua kwamba sasa si matembezi, ni kazi. Anaruhusiwa kuvuta, kichwa kiko chini, koo halibanwi, pumzi inaingia vizuri, na pua inafanya kazi kwa sababu pumzi ni huru. Mtu anabaki nyuma, anasoma kamba. Ikikaza, harufu iko. Ikilegea, mbwa amepoteza, lazima arudi kidogo. Kazi ikiisha, mkanda unavuliwa.

Je, msomaji haoni? Ni majani yale yale yaliyoondolewa katika kengele. Mlinzi wa Virunga anayemvisha mbwa wake mkanda, na Mwefe anayetoa majani kwenye kengele, wanasema neno lile lile kwa mbwa: "Twende kazi."

Tunajua kwamba wengi wanaoishi kandokando ya parke wana malalamiko yao juu ya mashamba na mipaka, na kwamba mbwa anayemfuata mtu anaweza kuleta hofu. Tunajua pia namna vita vilivyorudi katika Rutshuru mwaka 2012, na tena mwaka 2022, vilivyovuruga kazi nyingi huko. Hatuandiki hapa ili kuhukumu mambo hayo. Tunaandika juu ya ufundi.

6. Mtoto wa mbwa katika parsele

Sasa turudi mjini. Mtu ananunua mtoto wa mbwa sokoni, anamwambia kijana wa nyumba: "Umufunge, asitembee-tembee, akuwe mukali." Hapo kuna makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la wakati. Wachunguzi John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha kitabu juu ya mbwa mwaka 1965, walionyesha kwamba mlango wa moyo wa mtoto wa mbwa uko wazi sana kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hivi. Anayoyaona wakati huo, atayazoea, asiyoyaona, atayaogopa. Mtoto wa mbwa wa kambi ya wawindaji alipitisha wiki hizo katikati ya watu na makelele. Mtoto wa mbwa wa parsele anazipitisha amefungwa kwenye mti. Akikua, anaogopa kila kitu, na mbwa mwenye hofu anamuuma mtoto wa nyumba kabla ya kumuuma mwizi.

Kosa la pili ni la shingo. Mtoto wa mbwa anakua haraka, kamba haikui. Tumeona mbwa ambao waya umeingia katika nyama ya shingo, kidonda kinatoa usaha na wenye nyumba wanashangaa harufu inatoka wapi. Hata kama kamba haijamkata, akivuta anajikaba, akijikaba anakasirika, na anaanza kumwona mtu anayeshika kamba kama adui.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba ukali ndio ulinzi. Mlinzi mzuri ni yule anayejua nani wa nyumba na nani si wa nyumba. Ujuzi huo hautoki kwenye mti aliofungwa. Unatoka katika kutembea na bwana wake.

Mkanda wa kifua hauponyi kila kitu, lakini unasaidia katika makosa yote matatu. Si lazima utoke Ulaya. Fundi wa viatu anaweza kuushona kwa mkanda wa begi la zamani na pete mbili za chuma. Uwe mpana, usiwe kama uzi, uache mabega yatembee, usiguse koo, usikwaruze kwenye makwapa. Vidole viwili viweze kupita kati ya mkanda na mwili. Kwa mtoto wa mbwa, upimwe kila wiki na kulegezwa, maana anakua kila siku. Siku za kwanza avalishwe ndani ya parsele kwa dakika chache, apewe chakula akiwa ameuvaa, mpaka ausahau. Kisha kamba ifungwe, atembezwe pole-pole. Akivuta, simama; kamba ikilegea, endelea. Hakuna fimbo. Baada ya siku chache anaelewa kwamba njia inafunguka kama kamba imelegea. Wala asivutishwe mzigo wowote. Mifupa yake bado ni laini.

Kabla ya kumtoa barabarani achanjwe, hasa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado unaua watu katika nchi yetu. Katika hilo hakuna ubishi wa mila na usasa.

Mwisho

Tumefuata kengele kutoka Uele na Ituri, tukaifuata mpaka kwenye mkanda wa kifua wa Rumangabo na wa parsele zetu. Tumeona kwamba vyombo ni tofauti: kimoja mbao, kingine kitambaa, kimoja cha mbwa asiyefungwa, kingine cha mbwa anayeshikwa kwa sababu mji una magari na majirani. Lakini vyote viwili vinatoka katika fikira moja, kwamba mbwa ni mwenzi wa kazi, anayepaswa kusikilizwa. Waya shingoni unatoka katika fikira nyingine, na hiyo hatukuirithi kwa wawindaji wetu.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi mnaosoma, hasa walimu na wanafunzi: mkienda vijijini wakati wa likizo, waulizeni wazee. Kengele ilichongwa kwa mti gani? Majani gani yaliizibia ulimi? Mtoto wa mbwa alivishwa kengele akiwa wa umri gani, na nani alimvisha? Aliitwa kwa mluzi gani, alipewa jina gani? Andikeni majibu, pamoja na jina la kijiji na la lugha. Na mkikuta kengele imetupwa katika paa la jiko, imekauka kwa moshi, msiiuze kwa mpita njia kabla hamjaipima, hamjaichora, na hamjausikiliza mlio wake.

Kisha mkirudi nyumbani, mtazame shingo ya mbwa wenu.